Kamati ya Harusi Isiyo na Bibi Harusi

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana mbele kuna hukumu ya kutoa na sitaki mtu aje kuniambia hakusikia vizuri. Nina watu watatu wa kuwaonyesha. Wa kwanza alikuwa na pua. Wa pili alikuwa na shingo. Wa tatu alikuwa na ulimi. Najua hata ninyi mnavyo, lakini vyenu mnavitumia kwa mafua, kwa kubeba kichwa na kwa kulamba mchuzi. Wao walivitumia kuliangusha genge la matajiri.

Mwenye pua aliitwa Tumpe. Alikuwa muoka keki, na katika mji mzima wa Kilolwe hapakuwa na harusi ambayo hakuinusa kabla wazazi hawajaambiwa. Mwenye shingo aliitwa Gwantwa. Huyo alioka mikate ya kawaida tu, na akishasema hapana, hata umletee askari na askofu, hapana yake ilibaki pale pale. Mwenye ulimi aliitwa Lutengano, mwenye kinu cha Mtoni, ambaye kwa miaka mingi ulimi wake aliufungia mdomoni, na wapo ambao hawajamsamehe kwa hilo mpaka leo.

Katikati yao yupo Subilaga, mwenyekiti wa chama cha waoka mikate. Yeye ndiye aliyeachiwa kuchagua kati ya hao watatu, kwa hiyo mtazameni yeye zaidi.

Kilolwe ni mji wa baridi, juu milimani, na watu wa huko chai bila mkate hawaihesabu kuwa chai. Vinu vya kusaga ngano vilikuwa vinne. Unga wa kutoka mbali, ukijumlisha lori na ile barabara ya makorongo, ulifika mjini umeshakuwa ghali kupita kiasi. Kwa hiyo muoka mkate alikuwa na milango minne ya kubisha, basi.

Wenye vinu hao walijulikana kwa uadui wao. Mzee Kajela, tajiri kuliko wote, alimwita jirani yake mwizi wa wateja. Jirani alimwita yeye fisi. Wa tatu alibandika bango ukutani kwake akiwaonya watu wasinunue unga wa "wale wengine." Lutengano, aliyekuwa mdogo wao, alisema hadharani kwamba wenzake wote wanachanganya pumba. Watu walicheka. Subilaga naye alicheka, akiamini kwamba wenye vinu wakigombana, muoka mkate anapona.

Lakini bei ilipanda. Ilipanda kwa wote wanne asubuhi moja, ikatulia kidogo, ikapanda tena kwa wote wanne asubuhi moja. Subilaga alikwenda mlango kwa mlango kuuliza. Kajela alimwambia ngano imeadimika. Wa pili alimwambia ngano imeadimika. Wa tatu alimwambia ngano imeadimika, na akaguna vilevile kama walivyoguna wenzake. Kwa Lutengano alitegemea kusikia jingine, maana Lutengano alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake.

"Shemeji, mimi na wewe hatufichani," alisema Subilaga. "Kuna nini?"

Lutengano alitazama chini, akajipangusa unga mikononi. "Ngano imeadimika, shemeji."

Na wakati huohuo wakulima wa bondeni walikuwa wanalalamika kwamba ngano yao imejaa maghalani na wanunuzi hawaonekani.

Mkate ukaanza kunywea. Waoka mikate hawakuthubutu kupandisha bei kila mwezi, wakapunguza donge. Wateja walimsema Subilaga sokoni, mbele ya watu, kwamba siku hizi anauza hewa iliyookwa. Lilimuuma. Alikuwa anaoka tangu usichana wake na hakuwahi kumpunja mtu, na sasa alikuwa anapunja kila alfajiri, kwa mikono yake mwenyewe, huku anajua. Hasira ile hakujua aielekeze wapi, akawa anaimalizia kwenye unga.

Sasa itazameni pua.

Siku hizo mji mzima ulikuwa umesambaziwa kadi za mchango wa harusi ya Erasto, kijana wa Mzee Kajela. Na wanakamati wakuu walikuwa nani? Wale wale maadui wanne. Watu walifurahi, wakasema tazameni, harusi imewapatanisha. Mnajua wenyewe kwamba kamati ya harusi ndiyo mahali pekee ambapo mtu na hasimu yake hukaa meza moja na hakuna anayeshangaa. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja pale mjini, wakachomewa mbuzi, wakatoka jioni wamenuna tena.

Waoka mikate wote walichanga. Utamnyimaje mchango mtu anayekuuzia unga? Subilaga alichanga, tena si mara moja. Gwantwa peke yake alirudisha kadi, akasema Erasto hamjui. Tumpe yeye alipewa heshima ya kuoka keki, ngazi tano, akaambiwa ajiandae.

Tumpe ni mtu wa keki ya matunda, na matunda hulowekwa mapema sana kabla ya harusi. Akauliza tarehe. Kajela akamwambia, "Bado, mama, wazee wanashauriana." Akasubiri. Akauliza tena. Wazee walikuwa bado wanashauriana. Matunda ya kwanza yakachacha, akaloweka mengine, nayo yakachacha. Hapo pua ikaanza kumwasha. Hii harusi haikuwa na sendi-ofu ya kumuaga bibi harusi. Haikuwa na kicheni pati ya kumfunda. Hakuna mtu aliyekuwa ameshonesha sare, wala hakuna ndugu waliokuwa wamenuniana kwa ajili ya rangi ya sare. Tumpe alijua harusi nyingi zilizovunjika, lakini hakuwahi kuona harusi isiyo na ugomvi.

Akamfuata bwana harusi mwenyewe, akamkuta amelala chini ya lori anafungua nati.

"Mwanangu Erasto, nielekeze nyumbani kwa mchumba wako nikawasalimie wakwe."

Erasto alitoka uvunguni, oili mpaka masikioni. "Mchumba yupi, mama?"

"Wa harusi."

"Hayo muulize mzee," alisema Erasto. "Mimi sina hata wa kumnunulia soda."

Tumpe hakurudi nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwa Subilaga, akamkuta anaipua mikate, akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa.

"Dada, ile siyo kamati ya harusi."

"Ni nini basi?"

"Nimekaa kwenye kamati za mji huu tangu sijaolewa. Kamati ya harusi isiyo na mwanamke hata mmoja haiwezi kupanga hata chumvi ya pilau. Wale wanaume wanne wanapanga nini? Fikiri mwenyewe. Wakikutana Jumamosi, unga unapanda Jumatatu."

Subilaga aliiweka sinia chini. Alikumbuka Jumamosi moja, akakumbuka nyingine, na kila aliyoikumbuka ilikuwa na Jumatatu yake. Akasema polepole, "Na sisi tumewachangia."

"Tumewanunulia mbuzi," alisema Tumpe, "wakala, wakanawa, wakapanga jinsi ya kutunyonya."

Kesho yake waliongozana kwa wakili, kijana mmoja anaitwa Ipyana, aliyekuwa na ofisi juu ya duka la viatu. Ipyana aliwasikiliza mpaka mwisho ndipo akasema.

"Wauzaji kukaa pamoja kwa siri na kupanga bei ni kosa. Serikali inaweza kuwapiga faini. Lakini faini ni ya serikali, ninyi haiwarudishii kitu. Ninyi mna dai lenu. Kama wangeshindana kweli, gunia lingekuwa na bei yake ya haki. Kile walichoongeza juu ya hapo, kwa kila gunia mlilonunua, kilitoka mifukoni mwenu. Ni chenu, na kinarudi."

"Kitarudije kutoka kwa Kajela?" aliuliza Subilaga.

"Kwa kulazimishwa."

Subilaga alilipenda neno hilo. Alirudi nalo nyumbani, akaliweka mezani mbele ya waoka mikate wenzake, na wote wakasema wapo. Shauri likafunguliwa kwenye baraza la ushindani wa biashara la mkoa.

Kajela na wenzake hawakutetemeka. Asubuhi moja vinu vyote vinne vilitangaza neema: punguzo kubwa la unga kwa kila muoka mkate atakayetia sahihi kwamba hana dai lolote. Na asiyetia sahihi? Huyo asingeuziwa hata kibaba, mlango wowote.

Waoka mikate walitia sahihi. Walikuwa na watoto, na mikopo, na tanuri likilala baridi wiki moja tu wateja wanahamia kwa jirani. Tumpe alitia sahihi. Subilaga naye, mwenyekiti, siku alipobakiwa na unga wa kuishia kesho, alikwenda akatia sahihi. Alipotoka pale hakumtazama mtu usoni. Alijiona amewauza, na hasa alijiona amejiuza mwenyewe kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi.

Sasa itazameni shingo.

Mtu wa Kajela alimfuata Gwantwa na karatasi mpaka mlangoni.

"Tia hapa, mama."

"Sitii."

"Utaoka nini?"

"Sitaoka."

"Utakula nini?"

"Hilo niachie mimi," alisema Gwantwa, akafunga mlango.

Na kweli hakuoka. Tanuri lake likapoa. Wateja wake wakahama mmoja mmoja, wengine wakimwonea huruma, wengine wakimcheka. Aliuza masinia, akauza baiskeli ya kusambazia mikate, mwishowe akang'oa hata mlango wa chuma wa tanuri akauuza kwa wenye vyuma chakavu. Mtu aliyekuwa akiajiri vijana wawili akawa anakwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya viazi ya watu.

Subilaga alimfuata huko shambani. Alikuwa amebeba mkate, na aliona aibu kuutoa.

"Mwenzangu, tia sahihi. Sote tumetia."

"Ndiyo sababu mimi sitii," alisema Gwantwa bila kuacha jembe. "Sote tukitia, atabaki nani wa kudai?"

"Unaumia peke yako."

"Mwenyekiti, ulipokwenda kutia sahihi, uliniuliza?"

"Hapana."

"Basi na mimi nikikataa sikuulizi." Kisha akanyoosha mgongo, akauchukua ule mkate, akaumega. "Umepungua mno huu."

Subilaga alirudi mjini, akapitia ofisini kwa Ipyana. Ipyana alipopata habari kwamba yupo mmoja ambaye hajatia sahihi, aliinuka kitini. Aliyetia sahihi alikuwa ameliacha dai lake, alieleza, na kama wote wangefanya hivyo, shauri lingefungwa siku hiyohiyo. Sasa liko hai, kwa jina la mwanamke mmoja anayelima viazi vya watu.

Baraza likakaa. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tumpe alipanda kutoa ushahidi, akaeleza habari ya matunda yaliyochacha, na sendi-ofu isiyofanyika, na Erasto chini ya lori. Watu walicheka mpaka wakanyamazishwa. Lakini wakili wa Kajela alisimama na kuuliza maswali yake taratibu. Je, shahidi aliwahi kuingia chumba kile? Hapana. Aliwahi kusikia neno lolote likisemwa ndani? Hapana. Harusi ikichelewa ni kosa la jinai? Hapana. Akakaa, akatabasamu. Pua ilikuwa imeonyesha mlango, shingo ilikuwa imeuzuia usifungwe, na bado hakuna aliyejua ndani mlisemwa nini.

Wakati wa mapumziko alimkuta Lutengano amesimama peke yake nyuma ya ukumbi. Hawakuwa wamesalimiana tangu shauri lianze.

"Shemeji," alisema Subilaga, "Gwantwa anafikiria kung'oa bati za nyumba yake, auze."

Subilaga akaondoka.

Sasa utazameni ulimi.

Baraza liliporudi, na kabla mwenyekiti wa baraza hajasema neno, Lutengano alisimama kwenye benchi la wadaiwa.

"Mheshimiwa, mimi ndiye mweka hazina wa ile kamati. Naomba kusema."

"Kaa chini, Lutengano," alisema Kajela.

"Nimekaa miaka yote hii," alisema Lutengano.

Na alisema. Alisema hapakuwa na harusi tangu mwanzo. Alisema bei waliipanga baada ya kula na kunawa, Kajela akitaja na wao wakiitikia. Walikuwa wamegawana mji mtaa kwa mtaa, huyu asimuuzie wa yule. Alisema hata matusi waliyapanga. "Lile bango lilikuwa wazo langu. Na ile habari ya pumba nilipewa niiseme mimi kwa sababu nilionekana mtu mnyonge." Halafu akamgeukia wakili wa Kajela. "Na lile punguzo, mheshimiwa wakili, tulilipangia chumba kilekile. Bei moja, asubuhi moja, ili watie sahihi."

Ukumbi haukucheka. Subilaga alijikuta analia, na hakujua kama analia kwa furaha ya kushinda au kwa hasira ya kukumbuka yale macho yaliyotazama chini siku ile alipouliza ukweli.

Wengine walisema Lutengano alitubu. Wengine walisema alikuwa amesikia kwamba wenzake wanataka kumnyang'anya kinu chake, akawahi. Mimi moyoni mwake sikuingia, na wewe hukuingia.

Hukumu ilikuja. Sahihi zote zilifutwa, kwa kuwa punguzo lenyewe lilikuwa bei ya kupangwa kama zile nyingine. Kila muoka mkate alirudishiwa kilichozidishwa kwa kila gunia alilonunua, na Gwantwa akaongezewa kwa tanuri lililopoa. Matajiri watatu wakalipa fidia, na faini juu yake. Lutengano alisamehewa faini kwa kuwa wa kwanza kusema. Fidia hakusamehewa. Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ndogo, alimwambia wazi kwamba kukosana na serikali ni jambo moja na kumtia jirani hasara ni jingine. Lutengano hakuwa na fedha za kutosha. Kinu chake cha Mtoni kikachukuliwa, kikawa sehemu ya fidia ya waoka mikate.

Waoka mikate waliruka kwa furaha. Walitaka kinu kiwe cha chama, wasage unga wao, wapange bei yao.

"Hapana," alisema yule mama.

Akangoja kelele za furaha ziishe.

"Waoka mikate wote wa mji mkimiliki kinu kimoja na kukaa meza moja kupanga bei ya unga, mwezi ujao mtapanga bei ya mkate. Mtakuwa kamati nyingine. Kinu hiki kiende kwa mtu mmoja, asage, auze kwa bei yake, ashindane na wale watatu. Mkubaliane jina moja mniletee Ijumaa kabla ya saa sita. Msipolileta, kinu kitapigwa mnada."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa mnada ungekwenda kwa nani. Wenye fedha ya kununua kinu Kilolwe walikuwa watatu, na walikuwa wamekaa benchi la mbele.

Waoka mikate walikubaliana kwa haraka juu ya jambo moja: kinu kiwe zawadi kwa yule ambaye bila yeye wasingeshinda. Wakili Ipyana alisema yeye ameshalipwa ujira wake, asitajwe. Wakapiga kura. Theluthi moja walimtaja Tumpe, theluthi moja Gwantwa, theluthi moja Lutengano. Wakarudia, ikawa vilevile, na viti viwili vikavunjika. Mwishowe wakamwachia mwenyekiti wao.

Subilaga aliwaita wote watatu kwenye tanuri lake, akawapa chai, na mkate ambao safari hii ulikuwa na uzito wake.

Tumpe ndiye aliyeanza. "Dada, mimi sina maneno mengi," alisema, na wenzake wawili wakamtazama. "Bila mimi, leo mngekuwa mnachangia kadi ya ubatizo wa mtoto wa ile harusi. Gwantwa angekataa nini kama hakuna dai? Lutengano angeungama nini kama hajashtakiwa? Niliyeanza ni mimi."

"Na ulitia sahihi," alisema Gwantwa.

"Nilitia. Kila mtu alitia."

"Si kila mtu."

Tumpe akanywa chai yake.

Gwantwa hakutaka kujieleza, Subilaga akamlazimisha. "Mimi sikunusa kitu wala sikusema kitu," alisema. "Nilikataa tu. Lakini bila kukataa kwangu, harufu mliyonusa mngeizika siku ileile mliyotia sahihi, na huyu bwana angekuwa na kesi gani ya kuja kuungama? Ninyi mmerudishiwa mlichopoteza. Wateja wangu hawajarudi. Wamezoea mikate yenu."

"Kinu hujawahi kukigusa, dada," alisema Lutengano kwa upole.

"Nitakigusa."

Lutengano aliweka kikombe chini. "Mimi najua ninyi mnavyoniona, na mna haki. Nilikula huku ninyi mnalia. Lakini shemeji, watu wanaosema baadaye ni wengi, mimi nilisema nikiwa nimekaa kati yao. Ningenyamaza, tungeshinda sisi wanne, na leo ningekuwa na kinu changu. Nilijua nitakipoteza, nikasema. Kinu kile nakijua mpaka mlio wake. Nipeni, nitasaga unga wa bei ambayo Kajela hawezi kuifikia. Msiponipa, nani mwingine kesho, kwenye mji mwingine, mwenye siri kama yangu, atakayethubutu kufungua mdomo?"

"Na kinu hicho kilijengwa na fedha za nani?" aliuliza Gwantwa.

"Zenu," alisema Lutengano.

Subilaga aliwasikiliza mpaka chai ikapoa. Tumpe alikuwa rafiki yake. Gwantwa alikuwa aibu yake. Lutengano alikuwa mume wa dada yake, na alikuwa amemdanganya usoni. Aliona wazi kwamba angeondoa mmoja yeyote kati yao, nyumba nzima ingeanguka, na kwamba yeyote atakayempa, wawili wataondoka wamedhulumiwa. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho. Kinu kile hakirudi mezani kwa Kajela.

Ijumaa ukumbi ulijaa tena. Karani alikuwa na karatasi yenye nafasi moja tupu. Kajela na wenzake wawili walikuwa wamekuja mapema, wamevaa suti, hawana aibu yoyote, wametulia kama watu waliokuja kuchukua mzigo wao. Kajela alitazama saa yake, ikikaribia sita, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu maskini hawawezi kukubaliana. Tusubiri tu."

Subilaga aliisikia. Akainuka, akapita katikati ya ukumbi, lakini hakwenda kwa karani. Alikwenda mpaka kwenye benchi la mbele, akasimama mbele ya Kajela mpaka yule mzee akalazimika kuinua uso.

"Mzee Kajela, mimi ulinitisha mara moja nikatia sahihi. Mara moja hiyo ilitosha. Inuka uende nyumbani, leo hapa hununui kitu."

Kajela hakuinuka. Alitazama tena saa yake.

Subilaga akageuka kwa karani, na karani akatupa macho kwenye ile nafasi tupu, akauliza, "Mwenyekiti, jina?"

Hapo mimi namsimamisha Subilaga, na mahali pake nakusimamisha wewe. Usiniambie wagawane, maana umesikia baraza lilivyosema. Usiniambie utafikiri kesho, maana kesho ni ya mnada. Tumpe aliona ambacho hakuna aliyekiona, ila alitia sahihi. Gwantwa hakutia sahihi, ila hakufanya jingine. Lutengano alisema na akapoteza kila kitu, ila kila kitu hicho alikuwa amewaibia ninyi. Wote watatu wanakutazama. Karani ameshika kalamu, na Kajela ameshika pochi.

Haya, taja. Kinu unampa nani?